Nimeambiwa saketi za ubongo wangu hazifanyi kazi sawasawa. Je, ubongo umeharibika?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, huu ni mwaka wa pili naugua sonona. Dawa ya kwanza haikunisaidia kitu. Ya pili imenisaidia nusunusu: silii tena ovyo, usingizi umerudi, lakini sina hamu na chochote. Napika kwa sababu watu lazima wale, basi. Mwanzoni niliambiwa nina upungufu wa kemikali ya ubongo iitwayo serotonini. Daktari niliye naye sasa anasema hayo ni mambo ya zamani, tatizo ni saketi za ubongo. Nimeingiwa na hofu. Je, ubongo wangu umeharibika? Naweza kupiga picha nikaona palipoharibika? Na kama ni saketi, vidonge na kwenda kuongea na mwanasaikolojia vitasaidia nini? Niviache?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na pole kwa yote.

Nianze na hilo linalokutisha. Hapana, ubongo wako haujaharibika kwa maana unayoiogopa. Hakuna kipande kilichokufa wala neva iliyokatika ambayo picha ingeionyesha. Daktari wako amekuambia jambo la kweli, ila amekuachia katikati ya njia. Dawa usiiache kwa sasa, sababu nitaifikia.

Kwanza hayo ya serotonini, maana si uongo mtupu. Yalianzia mahali pasipohusiana na huzuni hata kidogo. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View huko Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Baadhi yao wakachangamka kupita kiasi: hamu ya kula ikarudi, wakawa wanacheza kwenye korido za wodi. Baadaye ikagundulika kwamba dawa ile inazuia kuvunjwa mwilini kwa serotonini, noradrenalini na dopamini, kemikali ambazo seli za neva hutumia kupelekeana habari. Ndani ya muongo huohuo, Roland Kuhn wa Uswisi alikuwa anaijaribu dawa iitwayo imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia. Kwao haikufua dafu, lakini wenye sonona walianza kuinuka. Mwaka 1965 Joseph Schildkraut akaandika rasmi kwamba huenda sonona inatokana na upungufu wa kemikali za jamii hii, yeye akiitazama zaidi noradrenalini. Fluoksetini, dawa ya sonona inayoongeza serotonini, ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987, wazo hilo lilikwisha kushuka hadi kwenye vipeperushi vya kliniki: una upungufu, kidonge kinajaza. Ni rahisi kueleza, na ni rahisi zaidi kuuza.

Lakini kuna jambo halikai sawa, na wewe umelipitia mwilini mwako. Kidonge cha kwanza hubadilisha serotonini ndani ya saa chache. Wewe ulingoja wiki ngapi kabla ya usingizi kurudi? Kama shida ingekuwa tangi kupungua, ungepona siku tangi lilipojaa. Halafu miaka mingi ya kuutafuta upungufu wenyewe haijatoa ushahidi unaosimama. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwepo wakasema hivyo waziwazi. Watu wengi mitandaoni wakarukia kwamba basi dawa hazifanyi kazi. Hilo halifuati. Dawa inafanya kazi au haifanyi ni swali la majaribio ya kuipima kwa wagonjwa, na majaribio hayo yapo, yanaonyesha inawasaidia baadhi kwa kiasi fulani. Inafanya kazi kwa njia gani ni swali jingine kabisa, na hapo ndipo saketi zinapoingia.

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva takribani bilioni 86. Seli hizo hazifanyi kazi mojamoja. Zinafanya kazi kwa makundi yaliyo mbalimbali kichwani lakini yanayopelekeana habari kila wakati. Kundi la aina hiyo, pamoja na njia zake za kwenda na kurudi, ndilo tunaloliita saketi. Ifikirie ngoma yenye wapigaji kadhaa. Ngozi zote nzima, wapigaji wote wapo, lakini mmoja amekaza mdundo wake na waliobaki wameshindwa kumtoa hapo, wanaishia kumfuata. Ukikagua ngoma moja moja hutaona kasoro. Kasoro iko katika namna wanavyosikilizana.

Aliyetuonyesha hili kwa macho ni Helen Mayberg, daktari wa neva. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichukua watu wasio wagonjwa, wakawaomba wakumbuke tukio la kuwahuzunisha sana maishani, kisha wakawapiga picha za PET zinazoonyesha ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi zaidi. Huzuni ilipoingia, sehemu ndogo iliyo ndani, katikati, nyuma ya paji la uso, ambayo wataalamu huiita eneo la 25, iliwaka. Wakati huohuo sehemu za juu za gamba la mbele, tunazozitumia kupanga mambo na kuelekeza mawazo, zilififia. Kwa wagonjwa wa sonona waliopona wakaona kinyume chake: eneo la 25 limetulia, gamba la mbele limeamka. Yaani ni bembea ya ubao: upande mmoja ukipanda, wa pili unashuka. Na ona kwamba mtu asiye mgonjwa naye bembea yake inashuka akihuzunika. Tofauti ni kwamba yake inapanda tena baadaye, wakati ya mgonjwa imekwama chini.

Eneo la 25 halikai peke yake. Lina njia za kwenda kwenye amigdala, inayopima hatari. Kwenye hipothalamasi, inayoshika usingizi, njaa na homoni za msongo. Na kwenye striatamu, inayohusika na kutamani na kujituma. Ndiyo maana ugonjwa unaoitwa wa huzuni unamnyima mtu usingizi, unamfunga choo na kumvunja mgongo kwa uchovu. Wagonjwa wengi huniambia kwa aibu kwamba wanaumwa mwili na hawajui kama inahesabika. Inahesabika, tena sana.

Sasa tuje kwako. Umeandika kwamba machozi yamepungua, usingizi umerudi, lakini hamu haipo. Sentensi hiyo imenipa habari nyingi kuliko picha yoyote ya ubongo ambayo ungeniletea, maana inaonyesha saketi zako hazikuitikia dawa kwa pamoja. Ile ya hofu na machozi imelegea. Ile ya hamu bado.

Saketi ya hamu imechunguzwa sana. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alisikiliza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Nyani akipata asichokitegemea, seli zilifyatuka. Akishazoea kwamba taa fulani huja kabla ya maji, seli zilifyatuka kwa taa, si kwa maji. Na taa ikiwaka halafu maji yasije, seli zilinyamaza dakika ileile ambayo maji yangefika. Kwa hiyo kazi ya dopamini si raha yenyewe. Inapima pengo kati ya ulichotarajia na ulichopata, na kwa pengo hilo ubongo hujifunza kipi kinastahili kuinukiwa.

Katika sonona mashine hiyo ya kutarajia huzorota. Tafiti kadhaa zimewaonjesha wagonjwa maji ya sukari, na wengi wao waliupima utamu sawasawa na watu wasio wagonjwa. Ulimi unaonja. Kinachokosekana kiko kabla ya hapo, pale mtu anapotakiwa kuamini kwamba inafaa kunyanyuka. Ukiwapa wagonjwa kazi ya kuchagua kati ya jitihada ndogo kwa malipo madogo na jitihada kubwa kwa malipo makubwa, huelekea kuchagua ndogo mara nyingi zaidi kuliko wengine. Ndugu zao huuita uvivu. Mtu huyo anaiona simu inaita, anajua anayepiga ni rafiki anayempenda, mkono upo karibu, na simu inakata. Akiulizwa baadaye kwa nini hakupokea hana jibu, na kukosa jibu kunamuumiza zaidi ya simu yenyewe.

Upande wa pili wa mashine hiyo kuna kipande kidogo kiitwacho habenula, katikati kabisa ya ubongo, ambacho huwaka tunapokosa tulichokitegemea na kuzikandamiza seli za dopamini. Kwa panya wenye hali inayofanana na sonona, maabara ya Hailan Hu nchini China ilionyesha mwaka 2018 kwamba seli za habenula hufyatuka kwa milipuko ya harakaharaka, na kwamba ketamini, dawa ya nusukaputi, huizima milipuko hiyo. Panya si watu, nalisema hilo kwa mkazo. Lakini inatupa fununu kwa nini ketamini humwinua mtu ndani ya saa chache wakati kidonge cha kawaida kinachukua wiki.

Na kidonge cha kawaida je, kinafanya nini katika hizo wiki? Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni ya Catherine Harmer wa Oxford. Yeye na wenzake waliwapa watu dawa hizi kwa siku chache tu kisha wakawaonyesha picha za nyuso, zenye hofu, hasira au furaha. Baada ya siku saba za dawa, amigdala iliacha kuruka kwa nguvu mbele ya uso wenye hofu, ingawa watu wenyewe hawakuhisi mabadiliko yoyote ya moyo. Dawa inaanza kwa kubadilisha kile ubongo unachokiokota kutoka mazingira. Kisha mtu anahitaji kuishi siku nyingi, akutane na watu, asalimiwe, ajibiwe vizuri, ili mwokoto huo mpya ujijenge kuwa hali mpya ya moyo. Anayemeza dawa huku amejifungia chumbani anaunyima ubongo cha kuokota. Hapo utaona kwa nini kidonge na mwanasaikolojia havipingani. Kimoja kinalegeza saketi na mwingine anaifundisha ikiwa imelegea.

Kuhusu kuharibika, kuna jambo moja linalostahili ukweli wote. Ndiyo, kwa wastani hipokampasi, sehemu inayoshughulika na kumbukumbu na pia kupiga breki homoni za msongo, ni ndogo kidogo kwa watu wenye sonona ya muda mrefu. Tofauti hiyo ni ndogo mno, ya kuonekana tu ukiwapanga watu kwa maelfu. Kwa panya waliowekwa kwenye msongo wa muda mrefu, matawi ya seli za hipokampasi na gamba la mbele hunywea, na msongo ukiondoka hurefuka tena. Seli hazikufa, zilijikunja. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha kazi nzuri sana kwa panya: vijichipukizi vinavyounganisha seli za gamba la mbele, vilivyopotea kwa msongo, vilirudi baada ya ketamini, vingine palepale vilipokuwa. Kilichonivutia ni mpangilio wa matukio. Mnyama alichangamka kwanza, na vichipukizi vikaota baadaye. Watafiti walipoviondoa vichipukizi hivyo vipya, unafuu haukudumu. Saketi ilianza kufanya kazi upya ndipo ikajijenga upya. Ningependa uifikirie sonona yako kwa namna hiyo.

Picha, basi. Hapana, usipige kwa ajili ya kutafuta sonona. Hakuna MRI wala PET inayoweza kumwambia mtu mmoja kwamba ana sonona au hana. Haya yote niliyokueleza ni ya wastani wa makundi. Ukiwaweka wagonjwa na wazima kwenye grafu moja, wanalaliana karibu wote. Utafiti mkubwa wa Kijerumani uliochapishwa mwaka 2022 ulipima miundo na miunganiko ya ubongo kwa namna nyingi, na hakuna kipimo hata kimoja kilichoyatenganisha makundi hayo mawili kwa kiasi cha kumfaa daktari. Kuna wanaouza picha zenye rangi nyekundu na buluu wakidai zinaonyesha sonona yako ilipo. Hifadhi hela yako. Picha ina kazi yake pale daktari anaposhuku kitu kingine, kama uvimbe, kiharusi au kifafa, na dalili zako hazielekei huko. Kipimo cha damu cha tezi ya shingo na cha upungufu wa damu ningekiulizia kabla ya picha, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kumfanya mtu awe hivyo ulivyo, na vinatibika kirahisi.

Siku za mbele huenda nikabadilisha jibu hili. Mwaka 2024 kundi la Leanne Williams wa Stanford liligawa wagonjwa 801 wa sonona na wasiwasi katika aina sita kwa kuangalia saketi zao wakiwa wametulia na wakiwa wanafanya majaribio ya akili ndani ya mashine ya picha, na aina hizo hazikuitikia matibabu kwa usawa. Miaka kumi na moja kabla yake, kundi la Mayberg lilikuta kwamba wagonjwa ambao sehemu ya ubongo iitwayo insula ilikuwa imefifia kabla ya tiba walipona zaidi kwa tiba ya mazungumzo, na wale ambao insula yao ilikuwa na shughuli nyingi walipona zaidi kwa dawa. Ni matokeo ya kutia moyo. Nimeshaona mengine ya aina hii yakitangazwa kwa vifijo kisha maabara nyingine ikajaribu kuyarudia ikashindwa, kwa hiyo sijaanza kumpeleka mtu kwenye mashine kabla ya kumwandikia matibabu.

Wazo la saketi limeleta matibabu yanayougusa ubongo moja kwa moja, na nayaeleza hata kama hutayahitaji, kwa sababu utayasikia. Hapa historia ina doa: mwaka 1935 Mreno Egas Moniz alianza kukata njia za gamba la mbele kwa wagonjwa wa akili, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1949, na maelfu ya watu duniani wakaachwa mabubu wa hisia. Kila anayesema leo "tunarekebisha saketi" inabidi alikumbuke hilo.

Tiba ya sumaku ndiyo inayokua kwa kasi. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 1985 kwamba sumaku inayowashwa na kuzimwa kwa haraka juu ya kichwa inaweza kuamsha seli zilizo chini yake bila kufungua fuvu. Mgonjwa anakaa kwenye kiti akiwa macho. Kwanza daktari anatafuta kiwango chake: koili, yaani waya uliozungushwa unaotoa nguvu ya sumaku, inawekwa juu ya sehemu inayoongoza mkono, nguvu inaongezwa kidogokidogo, mpaka kidole gumba cha upande wa pili kiruke chenyewe. Wagonjwa wengi hucheka hapo, kicheko cha mshangao, wakikiangalia kidole chao. Kisha koili inasogezwa mbele, upande wa kushoto wa paji, na inaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayedonoa ngozi kwa ukucha. Zamani kipindi kilichukua zaidi ya nusu saa. Mwaka 2018 jaribio la watu 414 lilionyesha kwamba mapigo yaliyopangwa kwa namna nyingine hufanya kazi hiyohiyo kwa dakika tatu na matokeo hayapungui. Kwa kawaida ni kila siku ya kazi kwa wiki nne hadi sita. Madhara ni maumivu ya kichwa, na kwa nadra sana kifafa.

Kwa nini paji la kushoto wakati eneo la 25 liko ndani kabisa, ambako sumaku haifiki? Kwa sababu ya ile bembea. Mwaka 2012 Michael Fox na wenzake waligundua kwamba sehemu za paji zilizowaletea wagonjwa nafuu kubwa zaidi ni zile ambazo shughuli yake hupanda pale ya eneo la 25 inaposhuka. Unagusa ncha moja, ya pili inajibu. Kundi hilohilo baadaye liliangalia watu waliopata majeraha ya ubongo, waliotibiwa kwa sumaku na waliowekewa elektrodi (nyaya za umeme ndani ya ubongo), na njia zote tatu zikaelekeza kwenye mtandao mmoja. Kwangu huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko picha zote, kwa sababu pale kitu kiliguswa na hali ya moyo ikabadilika, haikuwa kutazama tu.

Elektrodi zenyewe zina simulizi yake. Mwaka 2005, Toronto, Mayberg na daktari wa upasuaji Andres Lozano waliwawekea wagonjwa sita waliokwisha kujaribu kila kitu nyaya nyembamba karibu na eneo la 25. Wagonjwa walikuwa macho mezani. Umeme ulipofunguliwa, baadhi yao walieleza utulivu wa ghafla, utupu kutoweka, na hata chumba kuonekana kimeongezeka mwanga. Wanne kati ya sita walikuwa bado na nafuu kubwa baada ya miezi sita. Kisha jaribio kubwa la watu 90 likaja, likasitishwa, maana katika miezi sita waliowashiwa hawakuwashinda ambao kifaa chao kilizimwa. Miaka ilivyokwenda, kifaa kikiwa kimewashwa kwa wote, karibu nusu yao walipata nafuu. Watafiti bado wanabishana kama tatizo lilikuwa muda mfupi au elektrodi kukosa njia sahihi kwa milimita chache. Kwa hiyo tiba hii inabaki ya utafiti.

Tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzia Roma mwaka 1938, wengi wanaiogopa kwa sababu ya filamu. Leo hufanyika mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi na misuli imelegezwa, na kwa sonona kali, hasa ya mtu aliyeacha kula au anayesikia sauti, bado hakuna kinachoishinda. Kumbukumbu za kipindi cha matibabu zinaweza kupotea, na hilo mgonjwa aelezwe kabla ya kutia sahihi.

Turudi kwenye jikoni kwako, ambako unapika kwa sababu watu lazima wale. Daktari wako atahitaji kujua kitu kimoja kuliko vyote: hamu ilipotea lini? Kama ilipotea kabla ya dawa, basi ni mabaki ya ugonjwa. Kama ilirudi kidogo ikazimika baada ya dawa ya pili au baada ya dozi kuongezwa, inawezekana dawa yenyewe inakutia ganzi ya hisia. Dawa zinazoongeza serotonini hufanya hivyo kwa watu wasio wachache: huzuni inapungua, na furaha nayo inapungua pamoja nayo. Hilo likiwa ndilo, hatua ni kupunguza dozi au kuhamia dawa ya aina nyingine; kuna bupropioni, kwa mfano, ambayo hufanya kazi kupitia dopamini na noradrenalini. Kama ni mabaki ya ugonjwa, kuna kuongeza dawa ya pili juu ya hii, au tiba ya sumaku. Kabla ya lolote kati ya hayo mwambie kama umewahi kupitia siku ambazo ulilala saa mbili tu bila kuchoka, ukaongea haraka, ukatumia fedha hovyo. Hiyo inabadilisha mpango mzima wa dawa.

Na kwa mwanasaikolojia, omba mfanye kazi ya kurudisha shughuli. Kwa saketi ya hamu ndiyo tiba ninayoiamini zaidi, na inafanana ajabu na nyani wa Schultz. Mnachagua jambo dogo, tuseme kutembea dakika kumi na dada yako Jumanne jioni. Kabla ya kutoka unaandika kwenye daftari: natarajia kulifurahia kwa kiasi gani, kutoka 0 hadi 10? Wengi wenu mnaandika 1. Unakwenda hivyohivyo, bila hamu, kwa sababu imepangwa. Ukirudi unaandika ulichokipata. Mara nyingi ni 3, wakati mwingine 4. Si raha kubwa, lakini pengo kati ya 1 na 3 ndilo chakula cha seli za dopamini. Kosa la kawaida ni kungoja hamu ije ndipo uanze. Katika ugonjwa huu kitendo kinatangulia, hamu inafuata nyuma kwa wiki kadhaa, na daftari hukusaidia kuliona hilo siku ambazo kichwa chako kinasema hakuna kilichobadilika.

Vidonge usivikate ghafla. Ubongo ulishajirekebisha kwa uwepo wake, na ukiviondoa kwa mkupuo unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto nzito, hasira, na mitetemo kama umeme unaopita kichwani. Watu wengi hudhani sonona imerudi kwa nguvu kumbe ni dawa imetoka haraka. Kuvipunguza ni kazi ya wiki au miezi, pamoja na daktari. Ukishapona kabisa, kwa kawaida tunaendelea na dozi ileile angalau miezi sita kabla ya kugusa chochote. Na mawazo ya kujidhuru au ya kutamani usiwepo yakikujia, usingoje siku ya kliniki: mwambie mtu aliye karibu nawe na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Safari ijayo ya kliniki nenda na karatasi yenye tarehe: siku ulipoanza kila dawa, siku dozi ilipobadilishwa, na kadiri unavyokumbuka, lini usingizi ulirudi na lini hamu ilipotea. Dada yako au mwenzi wako atakusaidia kukumbuka, maana walio nyumbani mara nyingi huona mabadiliko kabla yako.